Jani la Kwanza

Neema, na ninyi wenzake wa jikoni. Siku mliyoniaga mlinipa daftari lenye jalada gumu mkaniambia niandike mapishi ya karamu ya Onam kabla sijayasahau. Sijayasahau. Lakini daftari ni zuri, na mtu aliyestaafu ana asubuhi ndefu kuliko kazi za kuijaza, kwa hiyo naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba pale Nkololo, mtanivumilia. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Niliingia mpishi nikatoka mpishi. Mtakuta mapishi kidogo, na mtakuta uongo mmoja niliokuambia wewe Neema, ambao sitaki kubaki nao.

Nilikuja Bariadi kutafuta kazi ya kupakia marobota kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Mgongo wangu ulikuwa mzuri wakati ule. Msimamizi alinitazama akasema wapakiaji wametosha, ila kwenye nyumba ya fundi mkuu mpishi ameondoka, kama najua kuwasha moto niende. Nikaenda. Fundi mkuu aliitwa Bwana Raghavan, Mhindi wa Kerala, kusini kabisa mwa India. Mke wake sote tulimwita Amma, maana yake mama kwa lugha yao, kama sisi tunavyosema mayu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na sauti ndogo ambayo niliisikia ikipanda mara moja tu.

"Unajua kupika nini?" aliniuliza.

"Ugali, mama. Nyama. Samaki. Maharage kidogo."

"Sisi hatuli nyama. Hatuli samaki. Hata yai hatuli."

Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu mwenye uwezo wa kununua nyama akaiacha buchani kwa hiari yake.

"Kwa hiyo hujui kitu," akasema. "Vizuri. Aliyeondoka alijua mambo mengi mno."

Siku ya pili nilikwenda na kisu changu kutoka nyumbani, nikijiona fundi mwenye kifaa chake. Amma alikichukua, akakisogeza puani, akaniuliza kimechinja nini. Nikamwambia mbuzi, na kuku wa sikukuu. Hakukasirika. Alikifunga kwenye gazeti mara tatu, kama mtu anayefunga zawadi, akanirudishia, akanipa kingine chenye mpini wa mti. Kisu hicho ndicho ulichonacho wewe sasa, Neema. Ubapa wake ulikuwa mpana kama jani la mwembe siku niliyopewa. Sasa ni mwembamba kama kidole. Hiyo tofauti yote imeliwa na kabichi.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa nimejifunza sambar, ule mchuzi wa mbaazi, ukwaju na bamia, na karamu yangu ya kwanza ya Onam, sikukuu yao ya mavuno, ilipofika Amma aliniachia sufuria yake nzima niisimamie. Ilipokaribia kuiva nilifanya anachofanya kila mpishi duniani. Nilichota kwa mwiko, nikapuliza, nikaonja. Amma alikuwa mlangoni.

"Umeonja?"

"Ndiyo mama. Chumvi iko sawa."

Kisha akaita walinzi wa getini, akawapa sufuria nzima ya sambar, pamoja na wali. Akafunga upindo wa sari yake kiunoni, akaanza kuosha mbaazi nyingine. Walinzi wale walinipenda sana. Kwa miaka miwili kila waliponiona waliniuliza, "Masanja, leo hujaonja?"

Jioni Amma alinieleza. Chakula cha siku hiyo jani la kwanza ni la Mungu. Kabla wageni hawajakaa, yeye mwenyewe hutandika jani moja la mgomba mbele ya taa ya shaba, anaweka kidogo cha kila kitu, anaomba. Ni karibu saa sita mchana. Mpaka hapo hakuna anayeonja, na hakuna hata kijiko kinachotoka jikoni. Baada ya hapo kila mtu ale mpaka ashindwe kuinuka. Akaniambia pia kwamba kwao wanaamini kuna mfalme wao wa zamani, mtu mwema, aliyekwenda chini ya ardhi, na siku hiyo moja kwa mwaka hupewa ruhusa kurudi kuwaona watu wake. Ndiyo sababu wanapika vingi. Akija asiwakute na njaa.

"Sasa mama," nikamwuliza, "nisipoonja nitajuaje?"

"Una masikio," akasema. "Una pua. Una mikono. Ulimi ni mvivu, unataka kufanya kazi yao wote."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha. Haradali ikitupwa kwenye mafuta hulia. Ikianza kunyamaza ndipo unatia majani ya mchuzi, si kabla. Ukwaju, huu tunaouita bushishi, ukiwa bado mbichi kwenye sambar mvuke wake unachoma pua pembeni. Ukiiva unakuja katikati. Tui likikaribia kukatika linabadilisha sauti kabla halijabadilisha sura. Chumvi ndiyo ilinitesa. Amma alipima kwa kiganja, na kiganja chake kilikuwa nusu ya changu, kwa hiyo mwaka mzima chakula changu kilikuwa kama maji ya bahari. Mwishowe alimimina kiganja chake ndani ya kifuu cha nazi, akakikata kwa msumeno usawa wa ile chumvi, akanipa. Kifuu hicho nacho kipo, kwenye msumari juu ya jiko. Mwaka jana mmoja wenu alitaka kukitupa akidhani ni takataka. Sitamtaja. Ajijue.

Kule Nkololo habari zilifika kwamba Masanja analipwa kuchemsha mboga. Kwenye lambo, watu wakinywesha ng'ombe, wakanikaribisha.

"Mwangaluka, Masanja! Tunasikia siku hizi unachunga majani?"

"Mwanamume mzima wa Kisukuma! Utaanza lini kucheua?"

Mimi si mtu wa maneno. Aliyewajibu alikuwa mke wangu, Kabula, akiwa na ndoo kichwani: "Na ng'ombe zenu hazili majani? Mbona hizo mnaziheshimu kuliko wake zenu?" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Tangu siku hiyo waliuliza habari za mboga kwa adabu.

Kabula alikuwa hivyo. Mimi nilinyamaza, yeye alisema, na nyumba ikaenda. Tulihamia Somanda, tukapanga vyumba viwili, baadaye tukajenga hapa nilipo. Mtoto wetu Shija akazaliwa. Sasa yuko mbali na kazi zake, hupiga simu Jumapili.

Nirudi kwenye karamu. Wageni walitoka jineri yetu na ile ya Maswa, Wahindi na Watanzania, thelathini hivi. Vyakula vilifika ishirini na zaidi, vyote bila nyama. Jambo lililonishangaza ni kwamba ilikuwa sikukuu ya mavuno ya watu wa mbali, na karibu kila kitu kilitoka mashambani kwetu. Boga na kunde kwenye tui jepesi. Choroko zilizopondwa na kumwagiwa samli. Mchanganyiko wa viazi, ndizi mbichi na matunda ya mlonge, vikatwe urefu wa kidole, viungwe kwa nazi na maziwa mgando. Kabichi kwa nazi. Tangawizi na bushishi na sukari guru, kidogo tu, kwa ajili ya kuuamsha mdomo. Kilichosafiri kilikuwa nazi, ambazo Salum mwenye duka aliagiza kutoka Tanga na kunihesabia kama mtu anayetoa damu, na majani ya migomba.

Hayo majani yalitupa shida. Ni lazima yawe mazima, na ncha nyembamba ikae kushoto kwa mlaji. Yalikuja kwa basi kutoka upande wa Mwanza, yakafika yamechanika kama mashati ya walevi. Mwaka wa tatu au wa nne nilikuwa nikilalamika nyumbani, Kabula akauliza, "Ni majani tu yanayowashinda?" Akapata machipukizi matatu ya migomba kwa jirani, akayapanda nyuma ya nyumba pale maji ya kuoshea vyombo yanapotokea. Bariadi si nchi ya migomba, mnajua jua letu. Lakini nyumba ilikuwa na watu, wageni hawakuisha, vyombo vilioshwa asubuhi mpaka jioni. Migomba ikashika. Tangu hapo majani ya Onam yalitoka kwa Kabula. Aliyakata mwenyewe alfajiri, akayafuta kwa kitambaa chenye maji, akayafunga kwenye kanga, nami nikayapeleka kwa baiskeli.

Malipo yake yalikuwa payasam. Wengi wenu mnaiita uji wa Wahindi. Niiandike vizuri, maana hii ndiyo mtakayoikosea. Choroko zilizokobolewa zikaangwe kwenye samli mpaka zinukie kama karanga. Zichemshwe ziive lakini zisivurugike. Sukari guru iyeyushwe pembeni na ichujwe, maana haikosi mchanga, kisha itiwe. Halafu tui la tatu, lichemke. Tui la pili, lichemke kidogo. Tui la kwanza mwisho kabisa, na hapo sufuria iwe imeshatoka motoni. Tui la kwanza likichemka, umeharibu. Funika kwa kitambaa safi, si kwa mfuniko, na kiwe kizito, kwa sababu msimu huo mashine zinanguruma na manyoya ya pamba yanaingia mpaka jikoni.

Mpishi wa karamu hana hamu ya kula. Mkishinda kwenye moshi tangu asubuhi mtaelewa. Kwa hiyo kila mwaka, wageni wakishaondoka, nilimpelekea Kabula hotpoti ya payasam, naye ndiye aliyeniambia chakula changu kimekuwaje. Alikaa kwenye kigoda, akala taratibu, akaniangalia juu ya kijiko.

"Baba Shija."

"Naam."

"Nzuri. Lakini hawa watu wanaogopa sukari?"

"Ndiyo kipimo cha Amma."

"Basi Amma hapendi utamu. Mwakani ongeza."

Sikuongeza. Kipimo kilikuwa kipimo. Kila mwaka akasema, kila mwaka nikasema kipimo cha Amma, na ikawa kama salamu yetu. Nilijivunia, niseme kweli. Niliona kwamba mimi ni mtu ambaye havunji utaratibu wa kazi, hata kwa mkewe.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Kabula aliugua figo. Tulizunguka miezi mingi, na Agosti ile akalazwa hospitali ya hapa Bariadi, wiki mbili. Dada yake, Ng'wasi, alikuwa akimuuguza mchana, mimi asubuhi na jioni kwa sababu ya kazi. Pale kazini nilisema tu mke wangu hajisikii vizuri. Hawakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Majani mwaka ule niliyakata mimi.

Asubuhi ya Onam nilipita wodini saa kumi na mbili, nikiwa na mzigo wa majani kwenye baiskeli. Alikuwa ameamka. Alikuwa amepungua sana, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Leo si ndiyo siku ya majani?" akasema.

"Ndiyo."

"Uliyafuta?"

"Niliyafuta."

"Kwa kitambaa chenye maji au kikavu?"

"Chenye maji, Mama Shija."

Kwa siku tatu alikuwa hajala kitu cha maana. Ng'wasi alimletea uji, mtori, akageuza uso. Kisha akasema, "Nina hamu na ule uji wenu. Niletee ukiwa wa moto."

"Nitakuletea."

"Saa ngapi?"

Nilijua jani la kwanza huwekwa karibu saa sita. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote Bariadi. Lakini uso wake ulikuwa unataka saa ya karibu, kwa hiyo nikasema, "Saa nne."

"Saa nne," akasema. "Nitakusubiri."

Payasam ilikuwa tayari saa nne kasoro robo. Naikumbuka ile sufuria kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Nilitia tui la kwanza, nikafunika kwa kitambaa. Hotpoti ilikuwa juu ya rafu, nimeshaiosha. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta nje ya mlango. Kutoka jineri hadi hospitali ni mwendo mfupi. Amma alikuwa sebuleni, hatua kumi na tano kutoka jikoni, akipanga maua sakafuni pamoja na wageni wanawake. Nilitakiwa kwenda mlangoni, niseme, Amma, mke wangu yuko hospitali, anataka payasam, hajala siku tatu.

Sikwenda. Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini. Sikumwogopa Amma, hakuwa mtu wa kuogopwa. Niliona aibu kumkatiza mbele ya wageni. Nilikumbuka ile sambar waliyopewa walinzi. Na nilikuwa na ile fahari yangu, kwamba miaka yote ile hakuna kijiko kilichotoka jikoni kwangu kabla ya wakati. Nikajiambia kusubiri saa mbili si kitu, atalala kidogo, akiamka nitakuwa nimefika. Nikaendelea kukaanga papadi, vile vichapati vyao vyembamba vikavu.

Siku hiyo Amma alichelewa. Kulikuwa na mgeni kutoka Maswa aliyekuwa bado njiani. Jani la kwanza liliwekwa saa sita na nusu. Nilisikia kengele ndogo ya maombi, nikajaza hotpoti, nikatoka bila kuaga.

Ng'wasi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Aliniona nikishuka kwenye baiskeli, hakuinuka. Nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Shemeji," akasema, "ameuliza mara tatu saa ngapi."

Nilisimama na hotpoti mkononi.

"Nilimletea uji saa tatu, akakataa. Akasema asishibe, wewe unakuja saa nne." Akafuta uso kwa kanga. "Ameondoka saa tano na nusu."

Hotpoti ilikuwa bado ya moto. Niliihisi hapa tumboni nilipoikumbatia.

Tulimzika Nkololo, kwenye boma la baba yangu. Siku ya pili ya msiba Amma alikuja na Bwana Raghavan kwa gari la jineri. Aliingia ndani, akakaa mkekani na wanawake, sari yake nyeupe, akalia kama wao. Kisha akatoka kunitafuta. Alikuwa ameshasikia yote kutoka kwa Ng'wasi.

"Masanja, kwa nini hukuniambia?"

"Kulikuwa na utaratibu, mama."

"Utaratibu!" Hiyo ndiyo mara pekee nilipoisikia sauti yake ikipanda. "Mtu mwenye njaa kitandani! Jani la kwanza lingekuwa lake. Mungu angesubiri. Unadhani Mungu angekosa nini?"

Akashika miwani yake, akaivua, akaivaa tena. "Hatua chache tu," akasema, kwa sauti yake ya kawaida. "Ungekuja tu mlangoni."

Niliendelea na kazi. Watu walidhani nitaacha, lakini nyumbani kulikuwa kimya na jikoni kulikuwa na sauti ya haradali. Bwana Raghavan alipostaafu wakarudi kwao, nyumba ikawa ya wageni, wakaja mafundi wengine wa Kerala na familia zao, na Onam ikaendelea. Amma hunitumia salamu za sauti kwenye simu kila mwaka. Kiswahili chake kinapungua. Mwaka jana alisema tu, "Masanja, majani mazima?" Nikajibu, mazima, Amma.

Hayakuwa mazuri kama zamani. Maji ya kuoshea vyombo vya mtu mmoja hayatoshi migomba mitatu. Sahani moja, kikombe kimoja, sufuria ndogo. Mgomba mmoja ulikauka mwaka uliofuata. Miwili imebaki, majani yake ni mafupi. Jioni naongezea ndoo moja ya maji safi, ingawa najua mita inasoma.

Ndipo ulipokuja wewe, Neema, ukiwa na cheti cha hoteli na kofia ndefu nyeupe ambayo uliivua siku ya kwanza kwa sababu ya joto. Ulijifunza haraka kuliko mimi. Na uliuliza maswali. Karamu ya pili ukaniuliza, "Mzee, mbona payasam huigusi hata wakishamaliza kula wote?"

Nikakujibu, "Nina kisukari."

Ukanihurumia. Ukaanza kunifichia sukari ya chai, ukawaambia wote. Miaka sita nimekunywa chai isiyo na sukari pale jikoni kwa ajili ya maneno mawili. Neema, sina kisukari. Nilipimwa, sina. Tangu siku ile sijaweka payasam mdomoni, na sikutaka kueleza. Nilikudanganya, na ulikuwa mkarimu juu ya uongo huo. Nisamehe.

Mwaka huu ulikuja hapa Somanda siku mbili kabla ya Onam kuchukua majani. Karamu yako ya kwanza peke yako. Ulikuwa na wasiwasi, ulikuwa umeandika orodha kwenye mkono kwa kalamu. Nilikukatia majani yote yaliyofaa. Ukaniambia nije nikae na wageni, safari hii nipakuliwe na mimi. Nikasema hapana. Kisha, ulipokuwa umeshapanda pikipiki, nikakuita. Unakumbuka. Sasa nakuandikia kwa nini.

"Nataka kitu kimoja," nilikuambia. "Siku hiyo nataka payasam kabla ya saa nne."

Ukazima pikipiki. "Kabla ya jani la kwanza? Mzee, si wewe uliyenifanya nimwage ndoo nzima ya mchuzi kwa sababu nililamba kidole?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Usiibe. Nenda ukamwombe mama mwenye karamu. Nenda mlangoni useme Mzee Masanja anaomba."

"Nimwambie ni ya nini?"

"Mwambie ni ya hospitali."

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika saa tatu na nusu, nikasimama nje ya mlango wa jikoni, pale nilipokuwa nikiegemeza baiskeli. Nilikusikia ukienda. Nilihesabu hatua, zilikuwa kumi na tatu, wewe una miguu mirefu. Nikasikia sauti yako, kisha sauti ya mama mwenye karamu: "Mpe. Mpe ya kutosha." Ukarudi. Maji ya chai uliyokuwa umeinjika hayakuwa yamechemka.

Nikapanda baiskeli na hotpoti. Pale getini hospitali saa yangu ilisema saa nne kasoro dakika tano. Mlinzi alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidogo.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka."

"Umemletea mgonjwa? Wodi gani?"

"Sina mgonjwa humu."

Aliitazama hotpoti, akanitazama mimi. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Nilitakiwa kufika saa nne," nikamwambia.

Sijui aliona nini usoni kwangu. Hakuniuliza tena. Alisogea kwenye benchi lake, akapangusa nafasi kwa kiganja. Nikakaa. Watu walikuwa wakiingia na vyakula vyao, vikapu, chupa za chai, wanawake wenye kanga mabegani. Nilikaa mpaka saa nne ikafika, ikapita. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimewahi tu.

Halafu nikafungua hotpoti, kwa sababu ilikuwa ya moto na huyu mtu alikuwa kazini tangu asubuhi. Nikampa kijiko.

"Hii ni nini, mzee?"

"Choroko."

"Choroko?" Akaonja. Akafumba jicho moja. "Aisee. Nzuri. Lakini huyu aliyepika amemwaga sukari!"

Nikachukua kijiko. Ni miaka tisa. Nikaonja.

Ni kweli, Neema, ulizidisha sukari guru. Nadhani ulipima sawa kisha ukaingiwa na hofu ukaongeza. Choroko zilikuwa sawa, tui halikukatika, kazi nzuri. Lakini sukari ilizidi kipimo cha Amma, na kwa kiasi kikubwa.

Usipunguze. Iache hivyo hivyo.